Senti 25 za Wilt Chamberlain

Mwaka 1974 Robert Nozick, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu chake Anarchy, State, and Utopia, na katika hoja yake mashuhuri kuliko zote akamtumia mcheza kikapu: Wilt Chamberlain.

Nozick anamtaka msomaji afikirie jamii ambayo mali imegawanywa kwa haki, kwa kipimo chochote akipendacho. Kisha Chamberlain anapatana na timu kwamba katika kila tiketi, senti 25 ni zake, na mashabiki wanazitumbukiza wenyewe katika kisanduku chenye jina lake. Msimu unaisha, watu milioni moja wamepita mlangoni, naye ana dola 250,000. Mgawanyo wa mwanzo umevurugika. Lakini nani kadhulumiwa? Kila shabiki alitoa chake kwa hiari yake. Kwa Nozick, serikali haiwezi kuulinda mgawanyo ule bila kuingilia uhuru wa watu kila mara.

Hoja hii ina nguvu, na haistahili kupuuzwa. Ila imesimama juu ya sharti ambalo Nozick analitaja kwa haraka na kuliacha: kwamba mikataba ni ya mwaka mmoja tu, na ukiisha, mchezaji yu huru kwenda atakako.

Chamberlain wa kweli hakuwa na uhuru huo. Mwaka 1973 aliondoka Los Angeles Lakers ya ligi ya NBA akasaini na San Diego Conquistadors, timu ya ligi pinzani ya ABA, awe kocha na mchezaji kwa pamoja. Lakers walimshtaki, wakidai mkataba wake wa zamani ulikuwa unawapa haki juu yake kwa msimu mmoja zaidi. Akazuiwa kucheza. Mtu aliyewahi kufunga pointi 100 katika mechi moja akamaliza msimu akiwa kocha tu.

Mapatano ya hiari yanamhitaji mtu anayeweza kukataa. Papa Leo wa XIII aliliona hilo mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum: mfanyakazi anayepokea ujira duni kwa kuogopa baya zaidi ameonewa, hata kama alikubali mwenyewe. Waislamu nao wamefundishwa kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka, kwa sababu anayesubiri ujira ndiye mnyonge kati ya wawili hao.

Katika kikapu cha Marekani, nguvu ya kukataa ilipatikana kwa umoja. Januari 1964, mjini Boston, nyota wa NBA walijifungia chumbani kabla ya mechi yao ya kila mwaka, huku kamera za televisheni zikisubiri. Walitaka pensheni. Bob Short, mmiliki wa Lakers, alituma vitisho kwa Elgin Baylor na Jerry West. Hawakutoka. Walitoka pale tu rais wa ligi Walter Kennedy alipowapa ahadi, na Chamberlain alikuwa mmoja wao. Mwaka 1970 Oscar Robertson, rais wa chama cha wachezaji, aliishtaki ligi kwa kanuni iliyomfunga mchezaji kwa timu moja. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1976, na mlango wa kuhama ukaanza kufunguka. Uhuru ambao Nozick aliuandika kama jambo la kawaida ulipiganiwa kwa miaka.

Wapo wasemao kwamba siku hizi ni matajiri wanaogombana na matajiri zaidi. Mwaka 2011 wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji milango, msimu ukapungua kutoka mechi 82 hadi 66, na fungu la wachezaji katika mapato likashuka kutoka asilimia 57 hadi karibu 50. Ukubwa wa mshahara haufuti haki ya kuuliza nani anazalisha mapato hayo, na katika hilo wachezaji walikuwa sahihi.

Lakini kuna waliopoteza bila hata kuulizwa: wakata tiketi, wafagiaji na wauza vyakula wa viwanjani, ambao ujira wao hutegemea kuwapo kwa mechi. Hawakuwa na kiti katika mazungumzo yale, wala kisanduku chao hakimo katika mfano wa Nozick. Mkataba wa ligi na wachezaji utakapojadiliwa tena, chama cha wachezaji, kilichozaliwa na watu waliojua maana ya kukosa sauti, kidai watu hawa walipwe kwa kila mechi itakayofutwa.