Nani Alipe Gharama ya Kungoja?

Prosesa ya kawaida siku hizi hupiga mizunguko bilioni 3 kwa sekunde. Diski ya zamani, ile inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, huchukua milisekunde 8 hivi kumaliza mzunguko mmoja. Katika muda huo prosesa imeshapiga mizunguko milioni 25. Yaani sungura anamngoja kobe. Swali ni, anamngoja vipi?

Draiva, programu inayozungumza na diski, ina njia mbili. Ya kwanza ni kuuliza bila kupumzika: Tayari? Bado. Tayari? Bado. Ya pili ni kuacha ombi na kulala, kazi nyingine ziendelee; diski ikimaliza, inabisha hodi. Hodi hiyo ndiyo interapti. Mholanzi Edsger Dijkstra aliishughulikia kwenye mashine ya Electrologica X1, akaiandikia tasnifu yake ya udaktari mwaka 1959.

Mimi huandika programu za aina hii hapa Garissa, na kila nikifika sehemu ya kungoja, nafikiria kitambulisho. Kwa miaka mingi, kijana wa Kaskazini Mashariki akitimiza miaka 18 alikuwa anapitia msasa: wazee na maafisa wamhoji kama kweli ni Mkenya. Baada ya hapo, kungoja. Kimetoka? Bado, rudi wiki ijayo. Mtu anatoka kijijini, analipa nauli kwenda na kurudi, kununua neno moja: bado. Na bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, wala kufungua akaunti ya M-Pesa. Februari 2025 rais alitangaza mjini Wajir kwamba msasa huo umefutwa. Sawa. Lakini swali la kungoja halifutwi kwa tangazo.

Wengine watasema ofisi ina watu wachache, kazi ni nyingi. Nakubali. Kuwa polepole si dhambi. Diski hailaumiwi kwa kuzunguka taratibu. Ubaya unaanza pale anayechelewesha anapomtwika anayengoja kazi ya kufuatilia. Mimi naona hivi: ukinichelewesha, una deni la kunibishia hodi. Meseji moja inatosha.

Si kwamba kuuliza-uliza ni ujinga siku zote. Kifaa kikiwa na kasi sana, kulala na kuamshwa kunachukua muda kuliko kungoja kwenyewe, kwa hiyo draiva inabaki macho na kuuliza. Ukiambiwa dakika mbili, kaa hapo hapo. Ukiambiwa miezi miwili, nenda kaishi maisha yako.

Lakini hodi nayo inaweza kupotea. Ndiyo maana draiva huweka kikomo. Linux kwa kawaida huipa diski sekunde 30 kujibu ombi. Zikipita, inajaribu tena au inatangaza hitilafu. Hailali milele ikajiita mvumilivu. Wahenga walisema subira huvuta heri, na wao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kulala ukingoja kunahitaji kumwamini atakayekuamsha. Kwa hiyo ukimwona kijana anarudi dirishani kila Jumatatu, usiseme hana subira. Huenda aliwahi kulala, na hakuna aliyebisha.