Mji wa kubuni wenye sura ya Dar
Mji wa kubuni katika mchezo wa kompyuta kama Cities: Skylines, uliotoka mwaka 2015, huaminika pale ardhi inapotangulia nyumba. Anayeiga Dar es Salaam huanza na bahari na bonde la Mto Msimbazi, kisha barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa zikitawanyika kutoka katikati ya jiji. Kazi ngumu, na tamu zaidi, ni kuiga mitaa kama Tandale au Keko: huko nyumba zilitangulia barabara, vichochoro hupinda kufuata kuta, na genge la nyanya humega nusu ya njia. Vipimo vya kweli vipo. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo na wakazi, wakachora mitaa na mifereji ya kata zinazokumbwa na mafuriko. Ramani hizo ni bure kwa yeyote.