Runinga ya Mji Mdogo

Mkazi wa Kihonda, Morogoro, anapowasha runinga jioni na kusikia mgawo wa maji utafika mtaani kwake siku gani, anajua yupo mtu aliyemfikiria. Taarifa hiyo haimhusu mtazamaji wa Mtwara wala wa Arusha. Kwake yeye ndiyo itakayoamua usiku huu anajaza ndoo ngapi.

Tanzania Bara tulichelewa kuwa na runinga. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970; Bara ikasubiri hadi 1994, na vituo vya mwanzo vikajikita Dar es Salaam. Kwa muda mrefu mikoa ikaonekana pale tu palipotokea mafuriko, ajali au ziara ya kiongozi mkubwa. Vituo kama Abood cha Morogoro na Star cha Mwanza vilionyesha kwamba kamera inaweza kukaa mkoani hata siku ambayo hakuna msiba. Siku kama hizo ndizo nyingi katika maisha ya watu: fainali ya ligi ya wilaya, bei ya mpunga, mahafali ya darasa la saba, mtoto aliyepotea sokoni na nguo alizovaa.

Uzuri wa kituo kidogo ni kwamba anayetangaza anaishi na anaowatangaza. Wanapanda daladala moja, wanazika pamoja. Akikosea jina la marehemu jioni, asubuhi ataulizwa sokoni, na atajibu ana kwa ana. Uangalizi wa namna hiyo haununuliwi.

Lakini ujirani huohuo ni mtihani. Mfereji umeziba, mtaa unanuka, na aliyeuziba ni mfanyabiashara ambaye tangazo lake ndilo linalolipa mishahara. Diwani anayepaswa kuulizwa ni shemeji wa mhariri. Kustahiana ni tabia njema, ila kustahi kunakomwacha mama muuza nyanya akae kwenye maji machafu si heshima tena, ni woga. Msema kweli mpenzi wa Mungu, na mji mdogo unamhitaji kuliko mkubwa, kwa kuwa akinyamaza yeye hakuna mwingine wa kusema.

Woga huo una chanzo chake, nacho ni fedha. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata, kituo hakitoshelezwi na mnara wake. Kinamlipa mwenye mtambo wa dijitali anayekibebea matangazo, na ada hiyo haingoji biashara ichangamke. Kituo chenye njaa hujaza saa zake kwa muziki na tamthilia za nje, au hungoja mwenye fedha amwambie cha kusema. Hapo mji unabaki na runinga isiyokuwa yake.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa mkoani, peleka tangazo lako kwenye kituo cha kwenu, lakini usinunue ukimya wake. Halmashauri, lipeni matangazo yenu kwa wakati, na mkiulizwa kuhusu taka, jibuni. Nawe mtazamaji, wakikosea wapigie simu. Wakisema kweli iliyomuudhi mkubwa, simama nao hadharani. Kituo kisichotetewa na watu wake kitamtumikia anayekilipa.