Mwenzako Anaporudi Kutoka Wodini Akiwa Kimya

Je, mume ana haki ya kuambiwa yote ambayo mkewe muuguzi ameyaona wodini? Swali hili lilibisha hodi katika nyumba nyingi baada ya Machi 2020, Korona ilipothibitishwa hapa Kenya. Mama alirudi kutoka zamu ya usiku, akavua viatu mlangoni, akaoga, akalala peke yake asije akawaambukiza watoto. Asubuhi hakusema neno. Mume akaudhika: "Kwani mimi ni mgeni humu ndani?"

Habari za wagonjwa si zake kuzitoa; hiyo ni siri ya kazi, nawe usimchokonoe. Lakini uchungu ni wake, na hapo ndipo tulipokosea. Tulimwita shujaa. Majirani walimsifu, redio ikamsifu, nasi nyumbani tukajivuna. Neno tamu, ila hufunga mdomo. Shujaa atasemaje kwamba anaogopa? Atasemaje kwamba alimzuia kijana mlangoni, mama yake akikata roho ndani, kwa kuwa ndivyo hospitali ilivyoagiza? Mtu hutii agizo la haki, na bado moyo humshtaki usiku.

Lorna Breen, daktari aliyesimamia idara ya dharura katika hospitali moja ya New York, alijitoa uhai Aprili 2020. Jamaa zake walieleza kwamba aliogopa kuomba msaada asije akapoteza kazi. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, ili wahudumu wa afya wapate msaada wa akili bila woga huo.

Hapa kwetu, Desemba 2020, wauguzi na madaktari waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Nayo tusiisahau: faraja ya mume haiwezi kushika nafasi ya glavu.

Basi, ndugu yangu, ulimwahidi mkeo uaminifu katika afya na katika ugonjwa, na ugonjwa wa moyo umo. Usimwulize, "Kumetokea nini?" Mwulize, "Umelala?" Pika wewe, ogesha watoto, kisha keti karibu naye hata asiposema. Nawe mama ambaye mumeo ni daktari, akianza kunywa kuliko kawaida, au kusema heri afe, usimfichie aibu. Mpeleke kwa mshauri siku hiyo hiyo, umshike mkono njiani.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura imekwisha. Wapo ambao hadi leo hushtuka wakisikia king'ora cha ambulensi.