Je, Aliyezaliwa na Ngao Ana Sifa?

Katika sharika zetu hukumu moja yasikika mara nyingi: fulani ni mtu mwema, kwa maana pombe haikumshinda hata siku moja, fulani ni mtu mbaya, kwa maana ameanguka mara tatu. Twahukumu upesi, kana kwamba wote wawili waliondoka nyumbani na silaha zilezile. Yafaa tuulize: je, mtu asiyevutwa na jambo ana sifa ya kulishinda? Ili tulipime swali hili, twende kwanza majini, tukawatazame konokono na samaki.

Kichocho cha tumbo chajulikana sana na watu wa kando ya Ziwa Viktoria. Mayai ya mnyoo wake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na kiluwiluwi hutafuta konokono wa maji, kikaingia mwilini mwake. Humo huongezeka, kisha viluwiluwi vya namna nyingine hutoka kwa wingi, na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini kuteka, kufua au kuoga. Pasipo konokono mnyoo hauwezi kumfikia mtu.

Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, huko Marekani, wataalamu walichunguza konokono aitwaye Biomphalaria glabrata, mwenyeji wa nchi za Amerika, jamaa ya konokono wa maziwa yetu. Konokono wa aina hii hawafanani. Katika wengine mnyoo hukua salama. Katika wengine chembe za damu huuzunguka, huufunika na kuuua. Mwaka 2001 wataalamu hao waliandika ya kuwa silaha kubwa ya chembe hizo ni haidrojeni peroksaidi, ambayo watu huitumia kusafishia vidonda. Nguvu hiyo hurithiwa. Konokono hakufundishwa, wala hakuugua kwanza ndipo akajifunza, amezaliwa nayo. Damu yake haina kingamwili kama zilivyo zetu.

Chuoni humo walichunguzwa pia samaki waitwao trauti. Samaki huyu akijeruhiwa, au akiingiwa na vijidudu, damu yake hubadilika upesi: protini fulani huongezeka, kabla silaha nyingine hazijawa tayari. Hiyo nayo ni kinga ya kuzaliwa. Lakini samaki anazo kingamwili pia, na mwili wake waweza kumjifunza adui. Ndiyo sababu wafugaji huweza kuwachanja samaki wao. Basi konokono hutegemea hasa alichopewa. Samaki ana alichopewa na anachojifunza.

Sasa twarudi kwa swali letu. Nani atamsifu konokono kwa kuwa mnyoo umekufa ndani yake? Na nani atamlaumu mwenzake? Wanadamu nao hawakuzaliwa sawa. Mmoja ni mpole tangu utoto, hasira haimpandi. Mwingine damu yake huchemka kwa neno dogo. Mmoja pombe haimpendezi. Mwingine hupigana nayo kila jioni apitapo karibu na kilabu. Huyu wa pili akishinda siku nne na kuanguka siku ya tano, amefanya vita ambavyo yule wa kwanza hakuvifanya hata siku moja. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto ya kuwa walivyo navyo wamevipokea. Kipawa ni cha kushukuru, wala si cha kujivunia.

Labda mtu atasema: "Kama ni hivyo, hakuna mwenye hatia, kila mtu na alivyozaliwa." La, sivyo. Konokono hajui mnyoo umetoka wapi, wala hajui unakwenda kwa nani. Sisi twajua. Mtu aliyeambukizwa kichocho hana hatia kwa kuwa ngozi yake haikuuzuia mnyoo. Lakini akijua, na choo kipo, naye akaenda haja ukingoni mwa ziwa, amemdhuru mtoto wa jirani atakayeteka maji kesho. Na usharika wenye majembe na vijana wenye nguvu, ukimwacha mjane mzee bila choo, hatia si ya mjane. Udhaifu wa kuzaliwa si kosa la mtu. Kuuacha umfikie mwenzake, hali njia ya kuuzuia ipo, ndilo kosa.

Tena liko neno kwa wenye nguvu. Mnyoo uliokufa ndani ya konokono hautoki tena kumtafuta mtoto majini. Nguvu za mnyama huyu zimewafaa wengine, ingawa yeye hakukusudia. Sisi tuwezao kukusudia, nguvu zetu zamkinga nani? Asiyevutwa na pombe ndiye afaaye kutembea jioni pamoja na yule avutwaye, mpaka kilabu kiwe nyuma yao.

Basi, wazee na waalimu, tukikaa kumwamua ndugu aliyeanguka, tuulize maswali mawili: alipewa nini, na amefanya nini kwa alichopewa? La kwanza Mungu peke yake alijua sawasawa. Kwa hiyo tuseme kwa upole. La pili tujiulize sisi wenyewe kwanza. Bwana atujalie moyo wa shukrani kwa ngao tuliyozaliwa nayo, na mkono wa kuinyosha mbele ya ndugu asiye nayo.