Nyumba ya Kupangisha na Deni Lake



Liko swali moja linaloulizwa na wengi siku hizi. Laulizwa na mwalimu anayekaribia kustaafu, na mjane aliyeachiwa kiwanja, na kijana aliyepata kazi mjini. Wote wasema, Je, yafaa nijenge nyumba ya kupangisha, na fedha nizipate wapi? Swali hili huletwa kama jambo la hesabu tu. Ni la hesabu kweli, lakini tena ni la haki, na mambo haya mawili hayatengani. Basi na tuyatazame yote mawili.

Neno la kwanza ni hili: Je, ni halali mtu kupata faida kwa kumpangisha mwenzake? Nchi yetu iliwahi kuwa na shaka juu ya jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangishwa yenye thamani iliyopita shilingi 100,000, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Masharti yale ya viongozi yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, na leo hakuna anayeona ajabu kiongozi akipangisha nyumba. Lakini hofu iliyokuwa ndani ya Azimio haikuwa hofu ya bure. Watu waliogopa ya kuwa mtu ataketi tu na kula jasho la mwingine.

Kwa upande wa pili, mgeni aingiapo mjini hana budi kupata paa. Mtume Paulo mwenyewe alikaa Rumi miaka miwili katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake, na bila shaka nyumba ile ilikuwa na mwenyewe. Hatusomi ya kuwa mwenye nyumba yule alilaumiwa. Kwa hiyo twasema, kupangisha ni kazi halali, maana ni kumpa mtu kitu anachokihitaji. Uovu hauko katika kupangisha. Uovu huingia kwa njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni deni.

Na tufanye hesabu. Wengi wetu twaijua nyumba ya Kiswahili, kama zile za Kariakoo na Magomeni: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Tuseme mtu ana kiwanja na kuta zake, naye akopa shilingi 20,000,000 ili amalize nyumba ya namna hii. Tuseme riba ni 16 kwa mia kwa mwaka, na muda wa kulipa ni miaka 5. Kila mwezi atalipa kama shilingi 486,000, na mwisho wake atakuwa amelipa zaidi ya milioni 29. Akipangisha kila chumba kwa shilingi 90,000, vyumba sita vyampa 540,000. Yambakia 54,000 tu. Katika hizo atengeneze paa likivuja, aite gari la kunyonya choo kikijaa, alipe na kodi ya mapato ya pango. Tena hesabu hii ni ya mwezi ambao vyumba vyote vimejaa na wote wamelipa. Chumba kimoja kikikaa kitupu, atapata 450,000, naye amekwisha kupungukiwa na 36,000.

Sasa tazameni jambo linalompata mtu huyu moyoni. Mpangaji wake mmoja, fundi cherehani, augua miezi miwili. Mwenye nyumba si mkatili, angependa kumngojea. Lakini deni halina sikio wala halijui habari za ugonjwa. Siku yake ikifika lataka kulipwa. Basi mtu huyu ambaye kwa tabia yake ni mpole abisha hodi kwa ukali, na mwisho afunga mlango kwa kufuli. Alipotia sahihi mkataba wa mkopo alidhani ameweka rehani nyumba yake tu, kumbe aliweka rehani na uvumilivu wake pia.

Hali kadhalika katika kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima itakiwayo mbele. Mara nyingi mwenye nyumba aitaka kwa sababu naye amebanwa. Mpangaji naye, asiyekuwa na fedha nyingi kwa mara moja, huenda kukopa ili aipate, na juu yake ampe dalali kodi ya mwezi mmoja. Hivyo deni lashuka kutoka kwa mwenye nguvu hata kwa mnyonge, na yule wa chini kabisa ndiye achukuaye mzigo wote. Zamani palikuwa na sheria ya kuzuia kodi za nyumba, ya mwaka 1984, nayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ya chumba ni mapatano ya watu wawili, na mmoja wao mara nyingi hana pa kwenda. Hapo ndipo dhamiri inapotakiwa kufanya kazi ya sheria.

Kwa hiyo shauri letu kubwa kwa mtu anayeanza ni hili: asikope zaidi ya kiasi ambacho nusu ya nyumba yaweza kulipa. Katika mfano wetu, kama angalikopa milioni 10 badala ya 20, angalilipa kama 243,000 kwa mwezi. Vyumba vitatu vyatoa 270,000. Hata nusu ya nyumba ingalikuwa tupu, deni lingalilipwa, na fundi cherehani angalingojewa mpaka apone. Kipimo hiki ni cha busara, maana chamwokoa mwenye nyumba asinyang'anywe. Ni cha haki pia, maana chamwachia nafasi ya kutenda mema.

Wako watakaojibu, Mkitushauri hivi, tutajenga polepole, na watu wanahitaji vyumba leo. Neno hili lina uzito, wala hatulidharau. Lakini nyumba iliyouzwa kwa mnada haimsaidii aliyeijenga, na mara nyingi wapangaji nao hutakiwa kuhama. Afadhali kumaliza vyumba viwili, kuvipangisha, na kwa kodi yake kumaliza vingine viwili. Wahenga walisema, Kukopa harusi, kulipa matanga.

Yako na mashauri mengine madogo, nayo tunayaandika kwa kifupi.

Kwanza, chunguza ardhi kabla ya kutoa fedha. Katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Hati ya mjini huwa na muda, usiozidi miaka 99. Nenda ofisi ya ardhi uone kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, na kama kimewekwa rehani. Waulize na majirani. Usiridhike na karatasi ya muuzaji.

Pili, usiweke rehani nyumba ya jamaa yako kwa siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuweka rehani nyumba wanayokaa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini hata kama sheria isingalisema, mtu awezaje kuwahatarisha wanawe pasipo kumwambia mama yao?

Tatu, usimtake ndugu wa usharika awe mdhamini wako kwa kumwonea haya. Martin Luther katika kitabu chake cha mwaka 1524 juu ya biashara na riba alikemea desturi ya kudhaminiana. Tena alifundisha ya kuwa atakaye faida katika mali ya mwenzake yampasa kushiriki na hatari yake. Neno hili lawapasa wakopeshaji, lakini mwenye nyumba naye na alitafakari. Je, ni haki wewe kutaka faida yote, na hatari yote aichukue mpangaji?

Nne, andika mkataba, toa stakabadhi, na kila mtu alipe kilicho chake. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika umeme wa LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anunuaye umeme mara nyingi ni mpangaji. Fedha yenyewe ni ndogo. Hata hivyo mwenye nyumba aipunguze katika pango, maana aliye mwaminifu katika kidogo hujulikana hapo.

Ndugu zetu walimu wa sharika, huenda mtu akawajieni jioni na karatasi za benki mkononi, akitaka shauri. Msimwambie tu ya kuwa kukopa ni kubaya, wala msimsifu kwa sababu atakuwa na nyumba. Mwulizeni kwanza, Mpangaji wako akiugua miezi mitatu, utafanyaje? Akiweza kujibu, Nitamngojea, na hesabu yake ikaonyesha ya kuwa aweza, basi na ajenge kwa furaha. Asipoweza kujibu, na apunguze mkopo mpaka aweze.