TUSIULIZE «NI NANI?», TUULIZE «NI KWA KAZI GANI?»

Masomo: Yohana 9:1-7, Mathayo 11:2-11, Yohana 12:24



Kila mtu aliyezaliwa na mwanamke anabeba maulizo makubwa moyoni. Nimetoka wapi? Niko duniani juu ya nini? Nitakwenda wapi nikifa? Wakati bukari iko mezani na watoto ni wazima, maulizo haya yanalala. Lakini ugonjwa ukiingia nyumbani, kazi ikikatika, mtoto akifa, yanaamka yote pamoja na kuwa ulizo moja tu: «Juu ya nini mimi?»

Leo tuseme juu ya ulizo hilo, kwa sababu jibu baya linaangamiza watu.

1. Ulizo la wanafunzi

Bwana Yesu alipita njiani, akaona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi hawakuuliza namna ya kumsaidia. Waliuliza ni nani aliyetenda zambi, yeye ao wazazi wake.

Angalieni vizuri, ulizo hilo ni letu. Katika mitaa yetu, kijana akifa, hata kabla sanduku halijafungwa watu wanaulizana: «Ni nani?» Kazi ikikatika: «Ni nani?» Bibi asipozaa: «Ni nani?» Na kwa kuwa tunataka lazima kupata mtu, tunampata. Mara nyingi ni yule asiye na nguvu ya kujitetea: mama mzee, mjane, ao mtoto yatima anayekojoa kitandani na kulia usiku.

Wapendwa, tuseme wazi. Kuna watoto wanaolala sokoni, na si kwa kuwa hawana jamaa. Jamaa iliwafukuza ikisema ni wachawi. Wengine walifungiwa ndani na kunyimwa chakula kwa jina la maombi. Wengine walitiwa pilipili machoni. Sheria ya inchi yetu ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na inatoa azabu kwa anayefanya hivyo. Lakini kabla ya sheria ya serkali, Bwana alikwisha kujibu. Alisema si zambi ya yule kipofu wala ya wazazi wake, bali kazi za Mungu zipate kuonekana ndani yake. Kisha akatema mate chini, akafanya udongo, akampaka macho, akamtuma kunawa katika birika la Siloamu.

Bwana alibadilisha ulizo. Wanafunzi walitazama nyuma wakitafuta mwenye kosa. Yeye alitazama mbele, akainama, akashika udongo kwa mikono yake.

2. Gereza lisilofunguliwa

Mtu atasema: «Shemasi, yule kipofu aliponyeshwa. Mimi je? Nimeomba, nimefunga, na mlango haujafunguka.»

Ndugu yangu, Maandiko yanamjua mtu wa namna hiyo. Yohana Mbatizaji, aliyembatiza Bwana mwenyewe, alikuwa gerezani. Akatuma wanafunzi wake kuuliza kama Yesu ndiye yule atakayekuja, ao wamngojee mwingine. Hata nabii aliuliza! Bwana hakumkaripia. Lakini pia hakuvunja mlango wa gereza. Alimtumia habari ya kazi: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa Habari Njema. Na Yohana akafa mulemule gerezani.

Je, Mungu alikuwa amemwacha? Hapana. Siku ileile Bwana alimshuhudia mbele ya makutano kwamba kati ya waliozaliwa na wanawake hajatokea aliye mkubwa kumpita Yohana. Basi mlango uliofungwa si alama ya kwamba Mungu amekukataa.

3. Miezi mitano na miaka 30

Tuna mfano karibu nasi. Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya kuponyesha na kuhubiri kule Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Katika Septemba ya mwaka uleule alikuwa mikononi mwa askari. Tarehe 3 Oktoba 1921, baraza la vita kule Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo, lilimhukumu kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku kwetu Katanga, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, mbali na Mama Marie Muilu na wana wao watatu. Akakaa gerezani mpaka alipoaga dunia tarehe 12 Oktoba 1951.

Hesabuni wenyewe. Kazi mbele ya watu, miezi mitano na siku kidogo. Gereza, miaka 30. Mtu wa dunia atasema: maisha ya bure. Wakubwa wa Bula Matari walifikiri hivyo. Waliwahamisha waamini kwa maelfu, wakawatupa mbali, hata Lowa kando ya mto Lualaba, ili neno lizimike. Kumbe walikuwa wanapanda mbegu! Kila walipotupwa, watu wale waliomba, waliimba, walilima, walishuhudia. Tarehe 24 Desemba 1959, serkali ileile ya wakoloni ililitambua Kanisa. Na tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya inchi yetu nzima.

Papa hakuyaona hayo kwa macho ya mwili. Bwana alisema juu ya mbegu ya ngano: isipoanguka katika udongo na kufa, inabaki peke yake. Mbegu haioni shamba. Inajua udongo na giza tu.

4. Sasa sisi

Kuna baba aliyetumika miaka mingi katika kampuni, akarudi nyumbani na bahasha ndogo. Kudai haki yake si zambi, adai. Lakini asirudi jioni na kumtazama mama mkwe kwa jicho la mashaka. Kuna kijana mwenye diploma ya leta anayebeba watu kwa pikipiki. Kuna mama anayeuza makala tangu asubuhi na jioni hajapata pesa ya masomo. Kwa hawa wote, ulizo la usiku lisiwe tena «Ni nani aliyenifunga?» Liwe hili: «Bwana, katika hali hii niliyo nayo, kesho unataka nifanye kazi gani yako?»

Jibu lake tunalifahamu tangu utoto: Upendo, Amri, Kazi. Upendo unakataa kumtupa mtoto. Amri inakataza kumshuhudia jirani uongo, na kumwita mtu mchawi bila kuona kitu ni ushuhuda wa uongo. Kazi ni kuinama na kushika udongo, kama Bwana. Mtoto anayeanguka kifafa apelekwe kwa munganga, na sisi tuombe njiani. Papa Simon alipowaambia watu watupe sanamu za uganga, hakuwaambia watupe watoto.

Kwa hiyo, yeyote ambaye katika jamaa yake kuna mtoto ao mzee aliyefukuzwa kwa neno hilo, asione haya. Aje kwa mchungaji ao kwa mmoja wetu mashemasi. Tutakwenda pamoja kumtafuta, tutaketi na jamaa, tutamrudisha nyumbani. Asipopokelewa kule, Kanisa haliwezi kusema halina nafasi.

Tumetoka kwa Mungu. Tuko hapa kwa kazi yake. Tutarudi kwake, na siku ile hatatuuliza ni nani aliyetuloga. Atatuuliza wale wadogo aliotupa tuliwaweka wapi.

Tuombe: Baba wa mbinguni, utuondolee ulizo linaloua, utupe ulizo linalojenga. Wale walio katika gereza lisilofunguka, uwakalie karibu. Wale waliotupwa, uwarudishe kwa mikono yetu. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.